Jicho Lililomjua Mtu Mmoja

Wakili wa serikali aliisukuma picha mezani kwa kidole kimoja, na Profesa Subilaga Mwandambo akamtambua mtu wa kwenye picha kabla hata hajavaa miwani.

"Huyu ni Ambakisye," alisema. "Fundi wangu wa maabara. Imekuwaje?"

"Kumbe unamfahamu. Basi kazi imekuwa rahisi." Wakili aliitwa Mchopa, na alikuwa na tabia ya kutabasamu pale ambapo watu wengine hupiga kimya. "Picha hiyo imepigwa na Jicho la Usiku kwenye ghala la kakao kule Kyela, usiku ule mlinzi alipouawa kwa nondo. Wewe ndiye uliyelibuni bamba la chombo hicho. Keshokutwa utasimama mbele ya Jaji, utasema chombo chako hakikosei, halafu utakaa. Sentensi moja tu, Profesa."

Sentensi moja tu! Tangu Sheria ya Vyombo ipitishwe, shahidi wa macho hakuwa na kazi tena mahakamani. Watu husahau, watu huhongwa, watu huogopa. Chombo chenye leseni hakina njaa wala shemeji. Ndivyo walivyosema bungeni na watu wakapiga makofi. Picha ya chombo chenye leseni haikuweza kupingwa na mtu yeyote isipokuwa yule aliyekibuni, na aliyebuni bamba lile alikuwa mwanamke huyu wa Tukuyu mwenye mvi, aliyekuwa ameshika picha mkononi.

Aliitazama vizuri. Ambakisye alikuwa ameinua kidevu kidogo, macho yametupwa kushoto, midomo imefungwa kama mtu anayezuia kicheko.

"Mtu anampasua mwenzake kichwa huku ametulia hivi?" aliuliza. "Huyu anaonekana anasubiri chai."

"Wauaji wengine ni watulivu," alisema Mchopa.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa Gerson Kihwelo, mkurugenzi wa Kurunzi, kampuni iliyonunua haki ya kutengeneza bamba lile na kulitundika kwenye nguzo za taa nchi nzima. Sasa alijikohoza.

"Profesa, hakuna anayefurahia jambo hili. Lakini jicho limeona."

"Jicho langu," Subilaga alisema, akasimama. "Mimi nitakuambia limeona nini. Nataka kwanza kumwona mtu wangu."

*

Askari wa mahabusu walimleta Ambakisye Mwaikenda akiwa amevaa sweta lake la siku zote, lile lenye kiwiko kilichotoboka. Alikuwa amepungua. Mtu huyu ndiye aliyeyeyusha vioo na kuoka mabamba ya kwanza katika tanuri walilolijenga wenyewe, wakati ambapo chuo kizima kilimcheka Subilaga kwamba anataka kupiga picha gizani kama mchawi.

"Shikamoo, kaka Ambakisye."

"Marahaba, Profesa. Umekuja na baridi yote hii?"

"Achana na baridi. Kyela ulikwenda kufanya nini?"

Ambakisye aliangalia viganja vyake. "Kyela nakumbuka nilikwenda kwenye msiba wa binamu yangu, zamani. Lakini nimefikiri sana humu ndani. Umri wangu huu mtu anasahau mambo. Labda nilikwenda tena."

"Labda?"

"Bamba nimelioka mimi, Profesa. Nalijua. Jicho letu halikosei. Likisema nilikuwepo, mimi ni nani wa kubisha? Labda nilikwenda nikasahau. Labda nilimpiga yule kijana wa watu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa sweta. "Nimemwambia mke wangu asinisubiri."

Hasira zilimpanda Subilaga mpaka akasikia masikio yanawaka. Kumfunga mtu asiye na hatia ni dhambi ya kale, wanadamu wameifanya tangu enzi na enzi. Lakini hawa walikuwa wamevuka hapo. Walikuwa wamemchukua mtu mwema, wakamwonyesha picha, wakamfanya asiamini kichwa chake mwenyewe. Na chombo walichotumia ni kile alichowapa yeye.

"Kaka Ambakisye, nisikilize. Kaa kama ulivyokuwa ukikaa asubuhi tulipokuwa tunaamsha jicho."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Hapa hapa."

Mzee alijiweka sawa kwenye benchi. Akainua kidevu. Macho yakaenda kushoto, midomo ikajifunga.

"Unaangalia nini?" Subilaga aliuliza kwa sauti ndogo.

"Birika," alisema Ambakisye. "Si lilikuwa kushoto pale, juu ya jiko? Nisipoliangalia linafurika, na wewe ulikuwa unagomba."

Askari aliyesimama mlangoni hakuelewa ni kwa nini profesa mzima alijipiga paji la uso na kutoka mbio bila kuaga.

*

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila chembe ya mwanga inayogonga bamba hung'oa elektroni moja. Umeme huisukuma elektroni hiyo ikang'oe nyingine, na hizo nyingine, kama mtu mmoja anayeanza kukimbia sokoni na baada ya muda mfupi soko zima linakimbia. Hivyo ndivyo mwanga usioonekana na jicho la mtu unavyogeuka kuwa picha. Lakini bamba likilala na baridi ya Mbeya huamka limepotoka: hapa lina doa, pale limelegea. Ni lazima kila asubuhi lionyeshwe kitu kinachojulikana, lijisawazishe.

Kwenye maabara za wenzao walitumia kadi maalumu zenye mistari. Kadi za Subilaga zilikwama bandarini mwaka wa kwanza, na za mwaka wa pili zililiwa na mchwa. Basi wakatumia uso wa Ambakisye, kwa kuwa ndiye aliyefika wa kwanza kuwasha jiko. Alikaa kwenye kigoda, pazia likafungwa, bamba likamtazama. Lilichoona tofauti na jana lilikihesabu kuwa kosa lake, likajirekebisha. Miaka ikaenda, kadi zikapatikana, na hakuna aliyezitaka. "Rula yetu ni Ambakisye," walisema, na kila mgeni aliyetembelea maabara alisimuliwa. Siku moja alikuja jino limemvimba, shavu kama andazi, na bamba likaufuta uvimbe wote likamtoa mzima. Walicheka siku nzima. Mwenyewe alisema angalau jicho lina huruma kuliko daktari wa meno.

Hakuna hata mmoja wao aliyejiuliza: je, chombo hiki kinajifunza nini?

Subilaga hakuomba kibali. Mchana kweupe alichukua ngazi ya mtunza bustani, akapanda nguzo ya taa mbele ya lango la chuo, na kulifungua Jicho la Usiku kwa bisibisi huku walinzi wamemkodolea macho. Alilipeleka kwenye chumba cha giza, akaweka boga juu ya kigoda, akabakiza mwanga kidogo sana wa kupenya chini ya mlango.

Picha ikatoka. Kidevu juu, macho kushoto. Boga lilikuwa Ambakisye.

Akaondoa boga, akaweka ndoo. Ambakisye. Akaweka kiti kitupu. Ambakisye, anasubiri chai.

"Mali ya kampuni hiyo," sauti ilisema nyuma yake. Kihwelo alikuwa amesimama mlangoni, anahema. "Nguzo ilitoa taarifa."

"Njoo uone mali yako." Subilaga alimvuta kwa mkono wa koti mpaka kwenye kioo. "Mimi nilikuuzia bamba linaloacha weusi pale mwanga usipofika. Weusi! Sheria ya maabara hii ni moja: tusichokiona hatukichori. Huu uso umetoka wapi?"

Kihwelo hakuishangaa picha, na hilo ndilo lililomchoma Subilaga zaidi.

"Polisi hawanunui weusi, Profesa," alisema. "Tulipeleka picha zako za kwanza, nusu uso, robo sikio. Wakasema hiki ni nini? Vijana wangu wakaweka programu ya kujaziliza. Giza likizidi inatazama kumbukumbu za ndani ya bamba, zile tulizonakili pamoja na bamba lako la kwanza, inakamilisha."

"Kumbukumbu za ndani ya bamba ni za mtu mmoja!"

"Tumelijua hilo mwezi uliopita. Tunalifanyia kazi, taratibu."

"Taratibu! Na Ambakisye anyongwe taratibu?"

"Hatanyongwa. Atafungwa, mambo yakitulia tutaomba msamaha wa Rais. Nimeshaongea na watu." Kihwelo aliketi kwenye kigoda kile kile, akapunguza sauti. "Fikiri kabla ya kupaza sauti. Unaijua Sheria ya Vyombo. Chombo kikishindwa mahakamani, ukoo wake wote unafungwa mpaka ukaguzi uishe. Kila kitu chenye bamba hilo. Jicho la Utosi lina bamba gani?"

Subilaga aliiweka bisibisi chini. Jicho la Utosi ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Ni kikombe kidogo kinachowekwa juu ya utosi wa mtoto mchanga, kinapenyeza mwanga usioonekana, na kuonyesha kama damu imevujia ndani ya kichwa. Hakikuwa na programu ya kujaziliza. Alikuwa amekataza mtu yeyote kukigusa. Kilikuwepo kwenye kila zahanati kuanzia Rungwe mpaka Ludewa.

"Bamba ni lile lile," Kihwelo alimjibia. "Ukaguzi si kazi ya wiki moja. Utamwokoa mzee mmoja, halafu utawazika watoto wa watu. Hesabu hiyo ni yako, si yangu."

"Toka," Subilaga alisema. "Toka kabla sijakuvunjia ndoo hii."

Alipobaki peke yake alimpigia simu Tusekile, binti wa mdogo wake, aliyekuwa nesi mkunga kwenye zahanati ya Isongole. Alimweleza yote bila kuficha. Upande wa pili kulikuwa na kilio cha mtoto, kisha mlango ukafungwa.

"Mama mkubwa," Tusekile alisema, "wiki hii nimewapeleka wawili hospitali kwa sababu ya Jicho. Wangekufa mikononi mwangu nikidhani wamelala tu."

"Najua, mwanangu."

"Sitakuambia ufanye nini. Babu Ambakisye ndiye aliyekuja kunifungia mashine hii, akalala hapa kwenye benchi kwa sababu mvua ilikata barabara. Ila ujue wakija kuifunga, wewe utakuwa Mbeya. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya mama wa mtoto."

Subilaga alikizima chombo na kukifunga chumba cha giza. Wamempa mizani ambayo wao wenyewe wameichezea, halafu wanamwambia apime. Kama angenyamaza, zahanati zingebaki na macho yao, na kila giza la nchi hii lingeendelea kuzaa Ambakisye. Kesho Ambakisye angeiba ng'ombe Mbarali. Keshokutwa angechoma nyumba Sumbawanga. Na siku wakichoka na uso huo wangeweka mwingine kwenye kumbukumbu, wa mtu wanayemtaka. Kama angesema, angeweza kuua watoto ambao hatawaona kamwe.

Hakuna aliyemwuliza Kihwelo swali kama hilo alipokuwa anajaziliza.

*

"Shahidi," alisema Mchopa, akitabasamu, "waeleze wazee wa baraza: je, chombo chako kinakosea?"

"Bamba halikosei," Subilaga alisema. "Linasema ukweli kidogo unaofika. Waliokosea ni watu walioona ukweli huo hautoshi, wakaongeza wa kwao. Mheshimiwa Jaji, naomba pazia zifungwe."

Mchopa aliruka juu kupinga. Jaji Shemhilu, mwanamke mnene wa Lushoto mwenye sifa ya kutotaka ujinga, alimwinulia kidole akakaa. Ni mbuni pekee aliyeruhusiwa na sheria kukipima chombo mbele ya mahakama, na sheria hiyo Jaji aliijua kuliko mawakili.

Pazia zilifungwa, taa zikazimwa. Subilaga alilielekeza Jicho la Usiku, lile alilolifungua kwenye nguzo ya chuo, kwenye kiti cha Jaji. Kioo kikubwa cha mahakama kikaangaza.

Joho lilikuwa jekundu. Kola nyeupe. Na juu ya kola, kidevu kimeinuliwa, macho kushoto, alikuwa amekaa Ambakisye Mwaikenda akihukumu kesi yake mwenyewe.

Kuna mtu aliyeangua kicheko nyuma, kisha akakiua. Subilaga alikigeuza chombo kwa wakili: Ambakisye mwenye tai. Akakigeuza kwa Kihwelo kwenye viti vya mbele, na Kihwelo akajifunika uso kwa mikono, lakini hata mikono ile haikumsaidia, kwa kuwa chombo kiliitoa kama hitilafu na kuchora Ambakisye juu yake.

"Taa," Jaji alisema.

Mwanga uliporudi hakuna aliyemtazama mwenzake. Ndipo aliposimama mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi, mjane wa yule mlinzi wa Kyela, ambaye siku zote za kesi alikuwa amekaa akimtazama Ambakisye kwa chuki.

"Basi aliyemuua mume wangu ni nani?" aliuliza. Alimwuliza Mchopa, akamwuliza ofisa wa polisi, akawageukia watu wote. "Nani alimtafuta? Niliwaambia kuna watu waligombana naye getini. Mkaniambia mama, tunayo picha. Nani alikwenda kuuliza hata mtu mmoja?"

Ofisa wa polisi alianza kupanga makaratasi yake. Haya iwashike wote mpaka leo.

Jaji Shemhilu alimwachia huru Ambakisye pale pale. Kisha akafungua kitabu cha sheria, na Subilaga akajua kinachokuja.

"Mheshimiwa," aliharakisha kusema, "Jicho la Utosi halina programu ile. Lisichokiona linakiacha cheusi. Naomba liondolewe kwenye amri."

"Nimekusikia, Profesa. Na nakuamini." Jaji alivua miwani. "Lakini sheria hii haina mlango wa pembeni. Walioitunga walidhani haitahitajika kamwe. Ukoo wote wa bamba hili unafungwa kuanzia saa hii, kwa utepe wa mahakama, na atakayeukata atakuwa amevunja amri yangu. Siku ya ukaguzi tutazungumza."

*

Kwenye ngazi za mahakama mke wa Ambakisye alikuwa amemshika mumewe mkono kama mtu aliyeshika mtoto sokoni. Ambakisye alimkaribia Subilaga akitikisa kichwa.

"Kwa hiyo sikwenda Kyela," alisema hatimaye.

"Hukwenda, kaka. Kamwe usimruhusu mtu akuambie tena ulikwenda."

Ofisa wa mahakama, kijana mwenye sare iliyonyooshwa vizuri, alimletea Subilaga nakala ya amri, kwani mbuni naye hupewa. Subilaga alikuwa bado ameishika nakala hiyo simu yake ilipolia.

"Mama mkubwa." Tusekile alikuwa anapumua haraka. "Amri imefika kwa simu, polisi wa kata ameshapita. Ameweka utepe, ameondoka. Sasa kuna mtoto hapa amezaliwa vibaya, ametolewa kwa shida. Halii vizuri. Utosi umejaa. Barabara ya hospitali ni tope tupu, gari ni moja, na ndani ya gari hilo kuna mama mwingine anayetoka damu. Kumwandaa mtoto kutamchelewesha mama huyo. Nimpakie mtoto au nimwache? Nikikosea nitaua mmoja."

Subilaga aliiangalia amri mkononi mwake, muhuri wake bado mbichi. Alimwangalia ofisa aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwake. Halafu akabonyeza spika, makusudi, sauti ikasikika kwenye ngazi zote.

"Kata utepe," alisema.

"Mama mkubwa?"

"Kata. Mimi ndiye ninayekata, mkono tu ndio wako. Mkasi unao?"

Kulisikika droo ikifunguliwa, kisha mkasi ukikata, kisha mlio mwembamba wa mashine ikiamka. Ambakisye alikuwa amesogea, kichwa kimeinamia simu.

"Mwambie aache ipate joto kwanza," alinong'ona.

"Nimesikia, babu." Mlio wa mashine ulipanda. "Kushoto kweusi. Kweusi kote, Mama mkubwa, sioni kitu. Pengine maana yake hana damu?"

"Usikisie! Kweusi maana yake hujaona. Sogeza kikombe, tafuta."

Watu waliokuwa wanashuka ngazi walisimama. Hata mjane wa Kyela alisimama.

"Naona," Tusekile alisema. "Kulia. Damu, doa kubwa, linaongezeka. Nampakia. Mama mkubwa, nampakia sasa hivi!"

"Mpakie. Usikate simu mpaka gari liondoke."

Kisha Subilaga akaiweka simu kwenye kiganja cha Ambakisye na kumnyooshea ofisa mikono yote miwili, vifundo vikiwa vimeunganishwa, kama alivyoona watu wakifanya. Hakuwa na hofu. Alikuwa na hasira bado, na hasira ile ilimsimamisha wima.

"Umesikia kila kitu," alimwambia. "Fanya kazi yako."

Kijana aliitazama mikono ile, akaitazama simu iliyokuwa inatoa sauti za mlango wa gari na mwanamke anayelia na injini inayokataa kuwaka, kisha inawaka.

"Malizia kwanza na nesi, Profesa," alisema. "Mimi nipo."